Tagi ni ndogo kama punje ya alizeti, lakini ndoa inaitikisa!

*Inaweza kukuuzia mafuta, inaweza kukutunzia kumbukumbu za mama yako, na usipokuwa makini inaweza kukupeleka kwenye kikao cha wazee. Soma ujue namna ya kuitumia.*

Kabla hujaendelea kusoma, hebu fanya jaribio moja dogo. Chukua simu yako, nitafutie picha moja tu: ile uliyopiga na mama yako siku ya sikukuu, miaka mitatu iliyopita. Nakupa dakika mbili.

Umeipata? Kama umeipata, hongera sana, wewe ni mtu wa mipango. Kama bado unasukuma kidole, unapita kadi za michango, vichekesho vya watu, salamu za asubuhi njema na risiti za umeme, basi karibu chamani, maana wengi ndipo tulipo. Vitu tunavyo tele, ila siku ya kuvihitaji havionekani. Na kitu usichoweza kukipata kina tofauti gani na kitu usicho nacho?

Ndiyo maana mwezi huu nataka tuongee kuhusu tagi. Najua kuna watakaoguna: "Aah, hayo si mambo ya watoto wa mjini?" Hapana jamani! Mimi naishi Unyambwa, hapa Manispaa ya Singida, kwenye mawe yetu na alizeti zetu. Na hapa hapa nimeiona tagi ikiuza mafuta, nikaiona ikifuta watu machozi msibani, na nikaiona ikikaribia kuvunja ndoa ya rafiki yangu. Twende taratibu.

Tagi ni nini hasa?

Wala si kitu kigeni. Ukienda kupika kwenye msiba au harusi, sufuria lako unalipeleka likiwa na alama. Wengine huandika herufi za jina chini kwa rangi ya kucha, wengine hufunga uzi mwekundu mkononi mwake. Shughuli ikiisha, masufuria hamsini yako chini ya mti, wewe unaenda moja kwa moja kwenye lako. Ule uzi ndiyo tagi.

Au chukua kanga. Maandishi yake tunayaita jina, na dukani humwambii muuzaji "nipe ile yenye maua ya bluu pembeni". Unamtajia jina lake, anaishusha. Hiyo nayo ni tagi.

Sasa tofauti ya tagi na kabati ni hii. Gauni moja haliwezi kukaa kwenye droo mbili kwa wakati mmoja. Ukiliweka droo ya nguo za kanisani, huwezi kulikuta kwenye droo ya nguo za sherehe. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na majina mengi. Majirani wanamwita Mama fulani, watoto wa kaka yake wanamwita shangazi, kwenye kikoba ni mweka hazina, kanisani ni mwalimu wa kwaya. Ita jina lolote kati ya hayo, anayeitika ni yule yule. Picha moja mtandaoni nayo iko hivyo: ipe tagi tatu, itaitika kwa majina matatu.

Kuna tagi za aina mbili, tusizichanganye. Ya kwanza ni ya neno, ile inayoanza na alama ya reli, yaani #. Hii inakusanya mambo ya aina moja, hata kama yameandikwa na watu wasiojuana. Ya pili ni ya mtu: unaiwekea picha jina la mtu, naye anapata taarifa, na marafiki zake nao wanaweza kuiona. Ya kwanza inatafuta kitu. Ya pili inamnyooshea mtu kidole. Hiyo ya pili ndiyo yenye visa!

Ilikotoka

Mwaka 2003 Mmarekani Joshua Schachter alianzisha Delicious, mahali pa kuhifadhia anwani za kurasa za intaneti, ambapo kila mtu aliziwekea maneno yake mwenyewe ili azipate baadaye. Mwaka uliofuata Flickr ikaja na mtindo huo kwa picha. Kilichowashangaza wataalamu ni kwamba hapakuwa na mkutubi wa kupanga. Watu wa kawaida, kila mmoja akijiandikia neno lake, walijikuta wamepanga mamilioni ya vitu kwa pamoja.

Alama ya reli ilikuja tarehe 23 Agosti 2007, pale mbunifu Chris Messina alipopendekeza kwenye Twitter kwamba watu waitumie kukusanya mazungumzo ya kundi moja. Wenye mtandao hawakuichangamkia sana. Lakini Oktoba ya mwaka huo huo moto mkubwa uliwaka San Diego, Marekani, watu wakahitaji kujua moto umefika wapi, na alama ya #sandiegofire ikawasaidia kupata habari haraka. Twitter, ambayo tangu Julai 2023 inaitwa X, iliikubali rasmi mwaka 2009. Instagram ikafuata mwaka 2011, na Facebook mwaka 2013.

Afrika Mashariki nasi hatukubaki nyuma. Novemba 2014, baada ya mwanamke kuvuliwa nguo hadharani Nairobi eti kavaa vibaya, akina mama waliandamana mjini humo chini ya alama ya #MyDressMyChoice. Mwishoni mwa 2015, alama ya #WhatWouldMagufuliDo ilivuka mipaka, watu wa nchi mbalimbali wakitaniana namna ya kubana matumizi kama Rais mpya wa Tanzania. Neno moja lililounganishwa bila nafasi, na watu wasiojuana wakajikuta chumba kimoja.

Picha moja, ndoa nusura iende

Sasa nikupe kisa. Majina naficha, lakini mwenyewe kaniruhusu nisimulie.

Rafiki yangu ana mume dereva wa lori. Kuna wiki yuko Kahama, kuna wiki yuko Dar. Siku moja tukawa na sendofu Singida mjini, na shosti alikuwa kwenye kamati ya mapambo. Sherehe ikafana, tukala, tukacheza, tukarudi zetu Unyambwa.

Siku ya pili mtu mmoja akaweka picha mtandaoni na kumtagi rafiki yangu. Picha ilikuwa na watu wawili tu: yeye akicheka, na mwanaume ameinama karibu yake, mkono uko juu ya mgongo wa kiti. Hakuna maelezo, hakuna tusi. Ni jina lake tu. Tatizo ni kwamba huyo mwanaume aliwahi kumchumbia kabla hajaolewa, na mume anamfahamu vizuri.

Shemeji aliiona akiwa njiani. Simu ya mkewe akaacha kupokea. Aliporudi hakuuliza kitu. Alikula, akalala chumba cha watoto, na asubuhi akasema neno moja tu: "Nenda kwenu ukapumzike." Wanawake mnaosoma hapa mnajua uzito wa neno hilo.

Jumapili ikaitishwa kikao. Mimi nilikwenda kama rafiki wa bibi, nikakaa pembeni kama inavyotakiwa. Shemeji akatoa simu, ikazungushwa. Wazee wakaguna. Shosti akieleza, machozi yanamwahi, maana utaelezaje picha? Picha haina kabla wala baada.

Hapo nikaomba ruhusa ya kusema. "Shikamooni wazee. Ile sherehe ilikuwa na alama yake ya reli, MC aliitangaza ukumbini: majina ya maharusi yameunganishwa na mwaka. Naomba tuitafute."

Nikaandika. Zikaja picha kama arobaini, za wageni tofauti, kila mtu kapiga kutoka alikokaa. Nikawa naonyesha moja moja. Ya saba au ya nane ikawa ndiyo yenyewe: tukio lile lile, ila limepigwa kutoka upande wa pili wa meza. Watu sita. Kamati nzima ya mapambo. Yule bwana ameinama kumpa sahani mwanamke wa kiti kinachofuata, mwenye kilemba cha kijani.

Mzee mmoja akavaa miwani, akaivuta simu karibu. "Mwanangu, hiki kilemba ni cha nani?"

Shemeji akatazama. Kimya. Kisha akasema, "Cha dada."

Ni dada yake wa damu, wifi wa rafiki yangu! Alikuwa amekaa pale pale, ila kwenye ile picha ya kwanza alikatwa.

Basi kikao kikaisha kwa chai. Lakini nisikudanganye kwamba kila kitu kilikwisha siku hiyo. Rafiki yangu aliniambia baadaye, tukiwa tunapepeta alizeti: "Picha haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba aliamini simu ya mtu asiyemjua kabla ya kuniuliza mimi ninayemfulia." Walichukua miezi kurudi kama zamani. Leo wako vizuri, na wana sheria moja ndani ya nyumba: ukiona kitu mtandaoni kinachokuchoma, unapiga simu kwanza, unanuna baadaye.

Nataka uzingatie mambo mawili. Tagi ya mtu ndiyo iliyoleta moto, na tagi ya sherehe ndiyo iliyouzima. Ya kwanza ilimtenga mwanamke na wenzake, ya pili ikamrudisha mezani alipokuwa amekaa. Na tafadhali, sikufundishi kupekua! Mtu anayelala na kuamka akitafuta tagi za mwenzi wake atapata tu kitu cha kumuuma, hata kama hakipo.

Usiku wa msiba

Mama yetu mkubwa alipofariki, usiku ule ule ikahitajika picha ya kuweka juu ya jeneza na kwenye wasifu. Tulikuwa ndugu zaidi ya kumi sebuleni, kila mmoja na simu yake, kila simu na maelfu ya picha. Mmoja akapendekeza tutumie ile ya kitambulisho, ambayo marehemu mwenyewe alikuwa akisema imemfanya kama mtu aliyekamatwa.

Binamu yangu mdogo, binti wa sekondari, alikuwa na tabia ya kuandika maneno mawili matatu kwenye sehemu ya maelezo ya kila picha ya nyumbani. Akaandika "mamkubwa shamba kicheko". Ikaja picha ya marehemu ameshika ungo, makapi yanapeperuka nyuma yake, anacheka mdomo wazi na pengo lake linaonekana.

Wengine wakasema haifai, msibani watu hawacheki. Baba mkubwa akaomba simu. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Huyu ndiye niliyemuoa." Asubuhi mtu akaenda mjini kuisafisha.

Kama ungekuwa hujui faida ya neno "kicheko" lililoandikwa chini ya picha, ungeijua siku ile. Simu yenyewe siku hizi inaweza kutambua mti, ng'ombe au sura ya mtu. Lakini simu haijui kwamba hiki ndicho kicheko ambacho familia itakitafuta. Hilo unaliandika wewe.

Mafuta, vitunguu na ngeli zetu

Tuje kwenye hela. Sisi wa Singida biashara zetu zinajulikana: mafuta ya alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji. Mimi na wenzangu tunakamua alizeti na kuuza mafuta kwa madumu, ya lita 5 na ya lita 20. Mteja wa Dodoma au Dar hanijui, wala haijui Unyambwa. Anachojua ni kitu anachokitaka. Kwa hiyo tagi lazima iwe neno la mteja. Neno zuri masikioni mwangu halinisaidii kitu.

Tukaona mambo haya. Ukiweka #Tanzania peke yake, umetupa dumu lako baharini, maana watalii na wasanii wote wapo humo. Ukiweka #Unyambwa peke yake, watakaokuona ni majirani zako, nao wanayo mafuta yao. Zichanganye: moja pana kama #Singida, moja ya bidhaa kama #MafutaYaAlizeti, na moja ya kwenu wenyewe ili mteja wa zamani akupate tena.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya wenzetu hawalisemi, kwa sababu lugha zao hazina ngeli kama zetu. Kwa mashine, #kitunguu na #vitunguu ni mashelfu mawili tofauti. Vivyo hivyo yai na mayai, gauni na magauni, kitenge na vitenge. Mashine haijui kwamba hao ni ndugu wa tumbo moja. Anayenunua gunia anaandika vitunguu, kwa hiyo kama unauza jumla, wingi ndio unaotafutwa. Kama una nafasi, weka yote mawili. Wenye raha ni wauza kuku: kuku mmoja ni kuku, kuku mia ni kuku!

Na usiweke nafasi wala kistari katikati. Ukiandika #mafuta-ya-alizeti, alama inaishia kwenye "mafuta" na umejiunga na wauza petroli. Unganisha maneno, anza kila neno kwa herufi kubwa ili lisomeke.

Nisikufiche pia: alama ya reli si hirizi. Programu nyingi siku hizi zinasoma hata maelezo ya kawaida uliyoandika. Ukiandika "dumu la lita 20, tupo Singida, tunatuma kwa basi", umeshafanya nusu ya kazi. Picha nzuri na jibu la haraka ndiyo nusu nyingine.

Kikoba bila kugombana

Ugomvi wa kikoba unaujua: "Nilituma!" "Hukutuma!" Kundi la WhatsApp lina meseji elfu, risiti iko wapi? Sisi tulikubaliana neno moja lisilotumika kwenye maongezi ya kawaida. Kila anayetuma picha ya muamala wa mwezi Mei anaandika chini yake RISITIMEI, neno moja. Mwezi Juni ni RISITIJUNI. Mweka hazina akitaka hesabu, anaandika neno hilo kwenye sehemu ya kutafutia ndani ya kundi, risiti zote zinajipanga. Tangu hapo hatujapigiana kelele za michango. Kelele zetu sasa ni za nani alete sambusa.

Kabla hujambandika mtu jina, zingatia haya

1. Omba ruhusa. Picha inaweza kuwa nzuri kwako na sumu kwa mwenzako. Kama ungekuwa na simu yake, ungempigia? Basi mpigie.

2. Washa kizuizi. Facebook na Instagram zote zina sehemu ya kuchagua kwamba picha uliyotagiwa isionekane kwenye ukurasa wako mpaka uikubali. Iko kwenye mipangilio. Rafiki yangu wa kile kisa aliiwasha jioni ile ile ya kikao.

3. Watoto waache. Jina la mtoto, jina la shule na mahali mlipo, vyote kwenye picha moja, ni ramani unayomchorea mtu usiyemjua.

4. Mahali uweke ukisharudi. Kutangaza kwamba familia nzima iko Mwanza kwenye harusi ni kutangaza pia kwamba nyumba haina mtu.

5. Jua kwamba sura nayo ni mali yako. Facebook iliwahi kuwa na mtambo wa kutambua sura na kupendekeza nani atagiwe. Novemba 2021 ilitangaza kuuzima na kufuta kumbukumbu za sura za zaidi ya watu bilioni 1. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa hiyo usidharau mtu akikuambia "nitoe hapo".

6. Maneno machache, yale yale kila siku. Leo ukiandika "harusi", kesho "ndoa", keshokutwa "shughuli", umejifichia mwenyewe. Chagua neno lako moja, liandike mahali, na nyumba nzima mlitumie hilo hilo.

Kama una picha elfu sita, usijaribu kuzimaliza leo, utachoka na kuacha. Kila jioni chukua kumi tu, wakati ugali unaiva. Anza na za watu ambao umri umeshawatupa mkono, wakae karibu yako na wakutajie majina: huyu ni nani, hapa ilikuwa wapi, mwaka gani. Mashine haitakuambia kwamba yule aliyesimama nyuma na jembe ni shangazi wa babu yako. Bibi anajua, na bibi yupo leo.

Haya, nikutakie kazi njema na simu yako. Na kama kuna mtu ulimnunia kwa sababu ya picha, mpigie kwanza, umsikilize. Tukutane mwezi ujao!